Sare ya Mtoto Ambaye Hajarudi

Dada Orathai, mdarizi wa majina pale sokoni, siku hiyo hakuwa na nafasi hata ya kupiga chafya. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki inayofuata, na kila mama, shangazi na bibi wa vijiji vyote vya jirani alikuwa ameleta mashati meupe yatiwe jina la mtoto upande mmoja wa kifua na herufi za shule upande wa pili. Bibi Khampeng alisimama kwenye foleni na shati lake ndani ya mfuko wa plastiki, amelikumbatia kifuani. Zamu yake ilipofika alilitandaza mezani mwenyewe.

"Mjukuu yuko wapi, shangazi?" Orathai aliuliza. "Mwaka jana alikaa hapo akanimalizia maembe yangu na chumvi yake."

"Yuko Bangkok kwa mama yake. Anarudi."

"Anarudi lini? Shule ni wiki ijayo."

"Nimekwambia anarudi. Wewe darizi."

Orathai aliliinua shati, akalipima kwa macho. "Mbona kubwa hivi? Ataogelea humu."

"Watoto wanakua. Au wa kwako umewafunga kamba?"

Wanawake waliokuwa nyuma walicheka, na Orathai naye akacheka, ila mkono wake haukutoka juu ya shati. "Nikishatia jina, dukani hawalichukui tena. Unalijua hilo, shangazi."

"Nalijua. Tia."

Basi jina likatiwa kwa uzi wa buluu, Baitong, na jina la ukoo chini yake. Bibi Khampeng alilikunja shati na kwenda zake nyumbani. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba Baitong anarudi.

Kwetu Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ukipita vijijini utakuta bibi na wajukuu. Walio katikati, yaani wale wenye nguvu, wamekwenda kwenye viwanda na majengo ya Bangkok, na huja mwaka mpya na zawadi na usingizi wa miezi mingi. Watu wa mjini hupenda kusema kwamba bibi wa kwetu wanadekeza watoto. Waje walee wao, tuone. Khampeng alipewa Baitong akiwa bado ananyonya, mama yake, Wilai, alipopata kazi ya kushona kiwandani. Mume wa Wilai alishaondoka kitambo na hakuna aliyemtafuta. Khampeng, mjane mwenye shamba dogo la mpunga na magoti yanayomsumbua, akaanza ulezi upya katika umri ambao wenzake walikuwa wanaanza kwenda hekaluni kila siku ya ibada kutafuta utulivu.

Ungetaka kumjua mwanamke huyu, ungemtazama wiki ya kufungua shule miaka ya nyuma. Alikuwa anageuka amiri jeshi. Alimkalisha Baitong kwenye ngazi ya nyumba, akamfunga kanga ya zamani shingoni na kumkata nywele usawa wa masikio kama shule inavyotaka, huku mtoto akilalamika kwamba anafanana na uyoga. "Uyoga unaliwa," bibi alikuwa akimjibu. "Tulia nisije nikakata sikio." Viatu vipya alimvalisha ndani ya nyumba mapema, azungukezunguke navyo, ili siku ya shule visimuume. Mashati aliyaloweka kwenye maji ya buluu, akayapiga pasi na kuyatundika kwa mpangilio mbele ya dirisha. Mwisho wa yote alimfunga uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono, akiiambia khwan yake, yaani ile roho nyepesi ya mtu inayoshtuka upesi na kubaki nyuma, ikae mwilini, isikilize mwalimu, isitangetange njiani.

Likizo ndefu ilipoanza, Baitong alipanda basi kwenda kwa mama yake kama kila mwaka. Kila mwaka alirudi na meno yaliyooza kwa pipi na maneno ya kimjini, na Khampeng alihitaji siku kadhaa kumrudisha katika mstari. Mwaka huu kulikuwa na jambo jipya. Wilai alikuwa ameolewa na dereva wa lori la barafu, mtu aliyekuja kijijini mwaka mpya, akamsujudia Khampeng vizuri, akarekebisha paa la jikoni bila kuombwa. Khampeng alitafuta kosa lake akalikosa, na hilo lilimuudhi zaidi kuliko kosa lenyewe.

Mwanzoni Baitong alipiga simu kila jioni. Baadaye akawa anapiga akikumbuka. Kila Khampeng alipouliza tarehe ya kurudi, Wilai alijibu, "Tutaona, mama." Khampeng anamjua binti yake. Tangu utotoni Wilai alikuwa akisema tutaona kwa jambo alilokwisha kuliamua.

Siku ya pili baada ya shati kudariziwa, Wilai akapiga simu, akasema.

"Mama, nimemwandikisha shule huku. Iko karibu na tunapokaa. Hata mimi naweza kumsindikiza."

Khampeng aliihamishia simu sikio la pili.

"Mama, nina mtoto mmoja. Namwona likizo tu, kama mgeni. Juzi alinikatalia kumkata nywele, akasema mimi sijui, bibi ndiye anajua." Sauti ya Wilai ilianza kukatika. "Unafikiri sikusikia uchungu?"

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Khampeng alimzaa mwenyewe, alijua uchungu huo unakaa wapi. Alisema, "Sawa, mwanangu. Ni mtoto wako." Akakata simu, akakaa sakafuni karibu na shati jipya na kulia mpaka kuku wakaingia ndani kula wali wa kunata uliokuwa kikapuni. Hakuwafukuza.

Angeishia hapo, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini asubuhi alitoa wavu wa mkono, ule wa kuchotea samaki mashambani, akaweka ndani yake shati la zamani la Baitong, ambalo lilikuwa bado na jasho lake kwenye kola, na yai la kuchemsha, na tonge la wali wa kunata. Kisha akaenda kwa Suban, jirani yake na rafiki yake wa tangu usichana, kwa kuwa kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Lazima awepo wa kuita na wa kujibu.

"Nani kaanguka?" Suban aliuliza alipouona wavu.

"Hakuna aliyeanguka. Nataka tumwitie Baitong khwan."

"Anaumwa?"

"Anaanza shule."

Suban alimtazama. "Anaanza shule wapi?"

"Wewe mwanamke, unakuja au huji? Nikitaka mahojiano nitakwenda polisi."

Suban alivaa kandambili akaja, ananung'unika njia nzima. Walifika barabarani, mahali basi lilipomchukulia mtoto. Khampeng aliuburuta wavu chini taratibu, kama anachota maji, akaita kwa sauti ile ya kuimba inayotumika kuwaitia wagonjwa na walioanguka. Njoo, khwan ya Baitong. Usikae kwenye barabara ya lami. Usikae kwenye vyumba vya watu. Njoo kwenye ngazi ya nyumba yako, njoo kwenye mkeka wako, sare yako iko tayari. Kila mara aliuliza, "Imekuja?" na mara ya tatu Suban akajibu kama inavyopasa, "Imekuja." Khampeng akaukunja mdomo wa wavu, akaubeba mpaka nyumbani, akalaza shati lile kwenye mto wa mtoto.

Alijua alichokuwa anafanya. Khwan ya mtu ikikaa mahali, mwili nao huifuata. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Hakumtakia mjukuu wake baya lolote, wala hakumwibia binti yake, hivyo ndivyo alivyojiambia. Aliita tu. Tena alikaa siku zile akisubiri, amekwishapiga pasi sketi ya marinda, akisikiliza kila gari linalopunguza mwendo barabarani.

Shule zikafunguliwa. Watoto wa kijiji walipita mbele ya nyumba yake na mashati yao meupe yenye majina mapya, na Khampeng aliwasimamisha, akawanyoosha kola na kuwafunga vizuri kamba za viatu, huyu na yule, mpaka mmoja akamkumbusha kwamba watachelewa.

Wilai alipiga simu siku chache baadaye, na hakuanza na salamu.

"Mama, Baitong hali. Ana homa inayokuja na kuondoka. Daktari kamtazama, haoni kitu. Shuleni anakaa karibu na mlango, mwalimu anasema akiitwa jina hageuki. Anakuwa kama hayupo."

Khampeng aligeuka kulitazama shati la zamani lililolala kwenye mto.

"Mama, unanisikia? Akilala anakuita wewe. Mimi namshika, anakuita wewe." Wilai alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Sijui kumlea, mama. Labda nimekosea. Ukiniambia nimrudishe, nitamrudisha kesho. Wewe sema tu."

Hapo ndipo alipopewa kile alichokuwa anakililia. Angesema neno moja na keshokutwa mtoto angekuwa kwenye ngazi, analalamikia nywele zake. Khampeng alifungua kinywa aliseme neno hilo, na wala Mungu wala miungu ya nyumba wasingemlaumu. Halafu akamkumbuka Wilai mwenyewe akiwa mdogo, siku alizokuwa akilala na mkono wake ndani ya mkono wa mama yake, na akafahamu kwamba binti yake hajawahi kulala hivyo na mwanawe hata msimu mmoja. Na huyo mtoto hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na bibi aliyemvuta.

"Nipe niongee naye," alisema.

Sauti ya Baitong ilikuja ndogo sana. "Bibi."

"Naam, uyoga wangu."

"Bibi, umeninunulia sare?"

Shati lilikuwa limetundikwa dirishani, mbele ya macho yake.

"Sikununua," Khampeng alisema. "Ninunue ya nini? Sare yako iko huko kwa mama."

"Hata shati?"

"Hata shati. Na mkeka wako naanikia pilipili. Huku hamna nafasi sasa hivi, mjukuu wangu. Kula wali wa mama yako. Anapika vizuri, nilimfundisha mimi."

Mtoto akasema, "Haya, bibi," kwa sauti ya mtu mzima aliyeelewa jambo. Khampeng aliisikia sauti hiyo, na ilimkata. Alimwomba Wilai amwekee mtoto yai la kuchemsha karibu na mto, amfunge uzi mweupe yeye mwenyewe kwa mikono yake, aiite khwan kwa sauti ya mama. "Huku mimi nitaisindikiza," alisema. "Usimrudishe."

Alimpitia Suban tena, akiwa na wavu na shati lile la zamani. Njiani alimwambia yote, kwa sababu hakuweza tena kuyabeba peke yake.

"Nilijua," Suban alisema. "Toka siku ile nilijua."

"Mbona ulijibu kwamba imekuja?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unalia huku unaita. Hata mimi nilitaka ije."

Barabarani jua lilikuwa kali na hakukuwa na mtu. Khampeng aliufungua mdomo wa wavu kuelekea upande basi linakokwenda. Maneno ya kuita aliyajua tangu akiwa binti, kwa kuwa mama yake alikuwa akiwaitia watu. Ya kufukuza hakuna aliyemfundisha, maana kwetu khwan haifukuzwi, hivyo alilazimika kuyatunga pale pale.

"Nenda, khwan ya Baitong," alisema. Hakuimba. "Nenda kwa mama yako. Usitazame nyuma. Nyumba hii si yako, ngazi hii si yako. Hapa hakuna anayekungoja."

Alilitikisa shati nje ya wavu, akalitikisa tena na tena, kwa nguvu, mpaka Suban akamshika mkono.

"Imekwenda?" Khampeng aliuliza.

Suban hakujibu.

"Nakuuliza, Suban. Lazima ujibu. Imekwenda?"

"Imekwenda," Suban alisema, na alikuwa wa kwanza kugeuka, asionekane uso.

Wiki ile Khampeng hakupiga simu, akiogopa sauti yake isije ikamvuta mtoto tena. Alivumilia mpaka siku ya mapumziko ya shule, akapiga jioni, akizungusha kifuniko cha chungu mkononi wakati simu inaita. Wilai alipokea akiwa anacheka jambo fulani na mtu mwingine.

"Anakula, mama. Leo amekula mpaka nikamzuia. Homa imekwisha kabisa. Amepata rafiki, mtoto wa chumba cha pili, hawaachani." Nyuma yake zilisikika kelele za watoto wanaokimbizana kwenye sakafu ya saruji, na kati ya kelele hizo Khampeng aliitambua moja. "Yuko hapo nje. Subiri nimwite uongee naye."

"Usimwite," Khampeng alisema.

"Ni sekunde tu, mama. Atafurahi."

"Mwache acheze."

Alibaki ameiweka simu sikioni, akisikiliza kelele zile, mpaka Wilai aliposema kwamba chakula kinaungua na inabidi akate.