Sakafu Iliyomeza Sufuria ya Kapinga

Alfajiri, giza halijaisha vizuri, Kapinga anapiga ardhi kwa mchi. Anapiga, anasikiliza, anasogea kidogo, anapiga tena. Watoto wamesimama pembeni na vikombe vyao, kimya. Wanajua uji hautapikwa mpaka mama huyu aridhike kwamba chini hakuna shimo.

Katika mtaa huu wa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, upande wa njia ya Mutoshi, shaba na kobalti ziko mpaka chini ya vitanda. Mtu anafunga mlango wa chumba chake, anatoboa sakafu, anatambaa chini ya nyumba za majirani. Udongo mzima ukiupiga unajibu kwa sauti nzito. Uliochimbwa unalia kama ngoma.

Kapinga ni mjane wa asili ya Kasai, muuza makala kando ya barabara. Siku njema anabaki na faranga elfu sita. Humo humo ananunua unga wa mahindi, na watoto wa wachimbaji wanakunywa uji kwake, maana wazazi wao wanaondoka kabla jua halijatoka. Kwa muda mrefu alikuwa na mafiga, sufuria moja na turubai, ambalo huku wanaliita bashi. Ardhi ikitia shaka, wanakunja bashi na kuhamia ng'ambo ya barabara.

Kisha likaja shirika la misaada. Blandine, aliyetumwa nalo, alionja uji, akatokwa na machozi, akasema watoto hawa wanastahili jiko la kweli. Kapinga anasema wazi kwamba alifurahi mno, hata akawabembeleza mafundi waweke saruji nene, ing'ae kama ya nyumba za kampuni.

"Mi njo niliomba ile simenti," anasema. "Hakuna mutu alinilazimisha."

Jiko likasimama: mabati mapya, meza ndefu, bango la shirika mlangoni, na magunia ya unga kutoka kwao. Kapinga akauacha mchi nyumbani. Saruji utaipiga ya nini?

Asubuhi moja ya mvua alitua sufuria iliyojaa uji katikati ya sakafu, akageuka kuwaita watoto. Nyuma yake kitu kikalia kama tawi linalovunjika. Alipotazama, sufuria haikuwapo. Palikuwa na tundu jeusi, mvuke wa uji unapanda kutoka humo. Meza ikainama polepole, nayo ikaenda.

Mpaka leo akisimulia hadi hapo anashika mdomo. Watoto walikuwa mlangoni. Binti wa Mukalay, mchimbaji wa nyumba ya jirani, alikuwa ameshainua mguu aingie.

Ndipo wakasikia mtu anakohoa chini. Aliyetolewa humo, uji umemtapakaa kichwani, ngozi ya shingo imeungua, alikuwa Mukalay mwenyewe. Alianza kuchimba chumbani mwake, akafuata mawe ya madini mpaka chini ya jiko. Sufuria ilitolewa baada yake, imebonyea.

"Tata Mukalay," Kapinga alimwambia, "juu yako kulikuwa mutoto yako."

Mukalay alipangusa uji machoni. "Mamu, mi nilijua simenti iko nguvu. Njo maana nilipita pale. Kama ni bashi, singepita."

Kapinga aliketi kwenye matope. Anasema maneno yale yalimchoma kuliko kuona sakafu inapotea. Hakumtukana. Wanawake wa mtaa, mioyo ilipowatulia, ndio waliomtania Mukalay. Wanamwita Tata Uji, yaani Baba Uji, wanamuuliza kama sukari ilitosha.

Blandine alirudi, akatazama shimo. Baadaye akaleta ahadi ya jiko kubwa zaidi, lenye vyuma kwenye msingi, ule ambao huku wanauita fondasio. Kapinga akakataa. Kwa maelezo ya Blandine, bila jengo shirika linaona ugumu kuendelea. Bango litafungwa wapi? Kwa hiyo unga unategemea makala tena, na kuna asubuhi watoto wa mwisho wanaondoka na vikombe vitupu.

"Balete unga tu," anasema Kapinga. "Unga haina fondasio."

Hata hivyo hataki kuwangoja watu wa shirika. Ametangaza mtaani kwamba mtu akifukia shimo la nyumbani kwake, sufuria itahamia uani pake, na majirani watachangia unga kikombe kwa kikombe. Anatumaini mvua zikiisha sufuria iwe inazunguka ua hadi ua. Wengi walicheka, kwa sababu shimo ndilo linalowalisha. Mmoja alimuuliza kama uji utalipa kodi ya nyumba.

Lakini wiki hii Falonne, mke wa Mukalay, ameanza kuburuta magunia ya udongo kuyarudisha chumbani. Mumewe, bandeji shingoni, anayamwaga shimoni bila kumtazama mtu.

Ukimuuliza Kapinga kama anamwamini, anatikisa kichwa.

"Simuamini. Lakini batoto yake banalalaka mu kile chumba. Hata unga ikikosa, balale kwanza juu ya udongo ya kweli."