Siku Tuliyokula Kumbikumbi wa Chuo Kikuu

Kumbikumbi hawahitaji mafuta ya dukani. Mafuta ni yao wenyewe, na yakianza kulia kwenye sufuria, harufu inatoka jikoni, inavuka ua, na jirani anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na habari ya kukuletea. Jana nilikuwa nawakaanga hapa kwangu Iguhu, akaingia mjukuu wangu Imali, yule aliyepewa jina langu, akasema shule yao inapelekwa chuo kikuu kuona mambo ya sayansi na teknolojia. Halafu akaniuliza mimi bibi yake kwa huruma, "Guku, wewe ulishawahi kufika huko?"

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Nimefika, tena nikiwa mdogo kuliko yeye. Wacha niwaambie na ninyi.

Nilikuwa darasa la sita pale Malinya. Basi hatukuwa nalo, kwa hivyo tulipandishwa lori ya kubeba miwa, tukasimama tumeshikilia mbao, makapi ya miwa yametung'ang'ania kwenye sweta. Mwalimu Ambani, mwalimu wetu wa sayansi, alikaa mbele na dereva. Tulipofika Chekalini, bado tuko njiani, alishuka, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja.

"Atakayegusa kitu huko atarudi kukaa kwenye lori," akasema. "Na kompyuta hataiona."

Mimi nilikuwa nimeifuata hiyo kompyuta. Kwetu watu walikuwa wanabishananga juu yake, huyu anasema ni televisheni, yule anasema ni taipureta yenye akili. Nilitaka kuiona kwa macho yangu, na nilijua nafasi ni hiyo moja tu. Baba alikuwa ameshatangaza kwamba msichana akimaliza darasa la saba inatosha.

Basi mikono nikaifungia nyuma. Tulionyeshwa chupa zenye moshi, nikatulia. Tulionyeshwa mifupa ya mtu imesimama wima, rafiki yangu Lisutsa akaninong'oneza kwamba inafanana na mjomba wangu, bado nikatulia. Halafu tukaingizwa chumba cha wadudu.

Juu ya meza ya mbao kulikuwa na sanduku kubwa la kioo, limefunikwa kwa wavu, na ndani yake kichuguu kizima. Mama mmoja mfupi mwenye koti jeupe, ambaye wote walimwita Daktari, alitueleza kwa Kiswahili cha pwani, kitamu kama uji wenye asali. Alisema kumbikumbi wamo ndani, mabawa yameshakomaa, lakini wamekataa kutoka. Alikuwa anawasubiri.

Nikainama kuangalia. Na kweli, mlangoni mwa kichuguu nikaona wale askari wenye vichwa vikubwa wameanza kujipanga. Nyinyi mliokulia kwetu mnajua maana yake. Askari wakitoka, mtoto wa Malinya haulizi, anachukua vijiti viwili na kuanza kupiga ubao karibu na shimo, kidogo kidogo kama mvua inayoanza, ndio wale wa ndani wadhani mvua imefika. Nilikuwa na penseli mbili mfukoni. Ninawaapia, kichwa changu hakikuhusika. Mikono ilisahau iko wapi.

Nikapiga meza. Lisutsa akaingiza makofi. Wengine wakashika wimbo wetu wa kumbikumbi, chini chini, kama kanisani. Daktari akainamia kioo.

Wakatoka. Kwanza mmoja, kisha kumi, kisha kichuguu kikachemka kama sufuria ya maziwa. Na kwa sababu nyumbani hakuna mtu anayewatazama tu, Lisutsa alifunua wavu ili watufikie. Chumba kizima kikajaa mabawa. Sisi tulifanya kile tulichofundishwa na mama zetu, tukadaka, tukang'oa mabawa, tukatia mdomoni.

"Mnakula mali ya serikali!" Mwalimu Ambani alipiga kelele. "Imali, kwenye lori. Sasa hivi."

Nilikaa kule juu peke yangu na makapi ya miwa, kinywa bado kina ladha ya mafuta, nikalia. Sikulilia kosa. Nililia kompyuta.

Halafu nikasikia viatu kwenye kokoto. "Yule wa penseli yuko wapi?" Alikuwa Daktari, na bawa moja limenasa kwenye nywele zake. Mwalimu Ambani alikuwa nyuma yake, anaomba radhi kwa Kiingereza. Daktari hakumgeukia. Alishika ubao wa lori, akaniuliza, "Mwanangu, mbona ulianza wakati ule? Mbona si mapema?"

"Askari walikuwa bado," nikasema. "Ukipiga kabla ya askari unajichosha bure."

"Na ukichelewa?"

"Wanaliwa na ndege."

Akaniuliza mengine, na mimi nikajibu yote, kamasi zinanitoka. Mwisho akamwambia mwalimu, "Huyu nitampeleka mimi."

Wenzangu walikuwa wamepanga foleni nje ya chumba cha kompyuta. Nilidhani watanizomea. Lisutsa akasukuma watu kando. "Apite," akasema. "Ndiye ametulisha." Nikaketishwa mbele ya lile dude, Daktari akanionyesha herufi, nikabonyeza kwa kidole kimoja. IMALI. Kijani kwenye weusi. Mbele ya darasa zima.

Nikarudi nyumbani nikahadithia kompyuta mpaka watu wakachoka. Nilidhani jambo kubwa la siku ile ni jina langu kwenye kioo, na kwamba Daktari alikuwa amenisamehe. Nimezaa, nimelea, nimepata wajukuu, ndipo nikaelewa kwamba pale hakukuwa na msamaha wowote. Mtu aliyesoma vile alikuwa na jambo asilolijua, akaja kuniuliza, kisha akasubiri nimalize kusema.

Darasa la saba ndilo lilikuwa la mwisho kwangu, kama baba alivyotaka. Lakini tangu lori ile, awe chifu, awe karani, awe daktari wa hospitali, hakuna aliyeniuliza swali nikamjibu nikitazama chini.