Shela Iliyowaka Bila Waya

Mume wangu alikuwa mtu wa waya. Kazi yake ilikuwa kufunga taa kwenye yadi za makontena huko Kurasini, na aliamini kwamba umeme usioshikika kwa koleo si umeme. Mdogo wangu wa kiume alikuwa fundi redio pale Tandika, kwenye kibanda cha mabati, meza imejaa matumbo ya redio za watu. Mashemeji hawa wawili walipendana sana, na kwa hiyo hawakukubaliana kitu. Majina yao ninayo, na ya wote waliokuwapo siku ile ya harusi, hata ya wapishi. Lakini wengi wameshatangulia, na mie kusoma kwangu ni kwa ngumbaru, ukubwani, nisije nikayaandika vibaya. Niacheni niwaite tulivyokuwa tunaitana nyumbani.

Ilikuwa ile miaka ya mgao wa umeme. Madukani vitu vilikuwa vimerudi baada ya miaka ya uhaba, sabuni za kuchagua, kanga za kila rangi, redio za kaseti mpaka Mbagala, ila umeme wa kuzichezea ndio haukuwapo. Binti yangu alikuwa anaolewa. Na mama yangu, aliyemlea binti huyo tangu anaota meno, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ukisimama mbele yake aliona kivuli tu. Tukimwashia taa ya karabai ndiyo kabisa, alisema anaona maziwa yaliyomwagika. Ombi lake lilikuwa moja.

"Siku mke mwenzangu anatolewa nje," alisema, maana kwetu bibi na mjukuu wa kike ndivyo wanavyotaniana, "nataka nimwone akikaa na nimwone akiondoka. Msije mkanisimulia. Nataka nione."

Hapo ndipo mdogo wangu alipokuja na vitaa vyake. Ni vile vidogo vyekundu vya kwenye redio, vinavyokuonyesha kama imewashwa. Leo wajukuu wananiambia ndizo hizi hizi taa za LED zilizojaa kila nyumba. Alimpitishia mama kimoja mbele ya uso, kulia, kushoto. Mama akakifuata kwa kidole kama mtoto na kimulimuli.

"Hicho nakiona," akasema. "Chekundu."

Kwa hiyo ugomvi haukuwa juu ya vitaa. Ulikuwa juu ya namna ya kuvifikishia umeme.

Mdogo wangu alikuwa ametoa waya wa shaba kwenye mota ya feni iliyoungua, akauviringisha mfano wa kata ya kubebea ndoo, ila mpana kama ungo. Huo akauunga kwenye kiboksi chake cha vipuri vya redio, na kiboksi kwenye betri ya gari. Akasuka mduara wa pili, mwembamba, wenye vitaa. Akauleta huu juu ya ule bila kugusana, vitaa vikawaka. Akauinua, vikafa. Redio ya jirani nayo ikaanza kupiga mbinja.

Mume wangu aliangalia, akanywa kahawa yake. "Shemeji, huo ni umeme au mazingaombwe?"

"Ni umeme. Unavuka hewa."

"Unavuka, lakini unafika kiasi gani? Wewe unarusha mtama kulisha kuku, nusu wanakula njiwa. Mie nikivuta waya, mtama wote unaingia mdomoni mwa kuku."

"Na biharusi je? Utamvuta na waya kichwani toka chumbani mpaka uani kama mbuzi wa hitima?"

"Waya unachomekwa akishakaa."

"Anachomeka nani? Kule ni kwa wanawake. Utaingia na baibui?"

Wiki nzima barazani wimbo ulikuwa huo. Mume wangu alisema betri itakwisha, na vitaa vyenyewe haviwezi kumulika hata sahani. Mdogo wangu akasema havitakiwi kumulika, vinatakiwa kuonekana. Tena, chumvi ya hewa ya hapa kwetu inakula kila kiungio. Kisichogusana hakishiki kutu. Mume wangu akamjibu, "Waya ukikatika nitaona ulipokatikia. Hewa ikikatika, utaunga wapi?" Hilo, sifichi, liliniingia.

Lakini mie nilikaa upande wa mdogo wangu, kwa sababu moja tu. Somo, yule mama anayemfunda mwali, lazima amwoshe biharusi miguu kwa maji ya marashi mbele za watu, na waya na maji sikutaka viwe mkeka mmoja. Nilimwambia mume wangu hivyo. Alikwenda uani akaanza kukaza waya wa kuanikia nguo, ambao haukuwa umelegea.

Basi ule mduara mpana tukaufunga nailoni usipate maji, tukaufutika chini ya mkeka, mbele ya kigoda cha biharusi. Ule mwembamba niliushona mwenyewe kwenye pindo la shela, na kutoka hapo waya kama unywele ukapanda na vitaa mpaka kwenye paji la uso. Akikaa, pindo linamwangukia miguuni, juu ya mduara kabisa.

Siku yenyewe, magharibi imeshaswaliwa, wanawake tulijaa uani. Wanaume walikuwa nje ya ua wa makuti, na mashemeji wale wawili wamechuchumaa na betri yao, waya wamepenyeza chini ya ua. Biharusi akatolewa taratibu, akaketi. Vitaa vikawaka toka miguuni hadi usoni, na vigelegele vikapanda. Mama alikuwa kitini upande wa pili, kanyoosha shingo.

"Kakaa," akasema.

Kisha vikazimika vyote.

"Mmempeleka wapi?" mama akauliza. Na biharusi siku ile hasemi, kwa hiyo hakuweza hata kumwambia bibi yake kwamba yupo.

Nikaenda kwenye ua. "Vimezimika."

Upande wa pili nikamsikia mume wangu anacheka chini chini. "Haya, shemeji, unga hewa."

"Betri bado ina moto," akasema mdogo wangu. "Dada, biharusi kasogea?"

"Hajasogea."

"Pindo liko wapi?"

"Miguuni."

"Na miguu?"

"Iko kwenye sinia, somo anamwosha."

"Sinia la nini?"

"La shaba. Umeona harusi gani ina sinia la karatasi?"

"Dada, litoeni. Shaba inaumeza umeme wote, haupandi juu."

Wiki nzima ya ubishi, na kumbe hawakujua biharusi anaoshewa miguu juu ya nini, maana hawajapata kuingia huko. Maji niliyataja. Sinia nani angefikiri kulitaja?

Somo akakunja uso. "Sijapata kumwosha mwali juu ya mkeka mtupu, na sianzi leo kwa ajili ya taa za redio." Mmoja akapendekeza beseni la plastiki, yale ya waridi yaliyojaa sokoni wakati ule. Somo akamtazama mpaka yule akashusha ushungi.

"Chano changu kipo mvunguni," akasema mama.

Chano ni sinia la mti, la kuchonga, walilotumia wazee kabla ya masinia ya shaba. "Miguu yangu ilioshewa humo, na ya mama yangu," akaongeza. Somo akaiinua miguu ya mwali, akangoja. Nikakitoa, nikakifuta kwa upindo wa kanga. Sinia likaondoka, chano kikaingia, na vitaa vikarudi kimoja baada ya kingine, hafifu kidogo, lakini vyekundu.

"Vimewaka?" mume wangu akauliza kutoka nje.

"Vimewaka."

Kisha nikamsikia, "Shemeji, hebu nikushikie huo waya wa betri, unalegea." Akaushikilia mpaka mwisho wa shughuli.

Siku hizi nikienda Goba kwa mjukuu wangu, namwona anaweka simu juu ya kisahani, inajaa chaji bila kuchomekwa. Hashangai. Mie nikiitazama nasikia kahawa inanywewa barazani kwetu Temeke, na mtu anaulizwa kama ni umeme au mazingaombwe.

Usiku ule mama aliukazia macho mstari ule mwekundu wakati wote wa kuosha miguu na kutunza zawadi. Ulipofika muda wa kumpeleka mwali kwa mumewe, somo akamshika mkono, mwali akasimama. Vitaa vikafa.

"Keshanyanyuka," akasema mama, kabla yeyote hajamwambia, akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu ili amsindikize.