Tupokigwe na Baiskeli ya Mfaransa

Yesaya alipofariki, watu wa Mlowo walidhani mjane wake atafunga kibanda cha baiskeli arudi kwao Ileje. Tupokigwe hakurudi. Matanga yalipoanuliwa alifungua kibanda, akaendelea kunyoosha rimu na kuziba pancha kama alivyofundishwa na marehemu, ingawa bodaboda zilikuwa zimekwisha kuwapokonya wateja wengi.

Mle kibandani kulikuwa na baiskeli aliyoirithi kwa baba yake, mzee Nikodemo. Zamani, Mfaransa mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika kwa baiskeli aliugua akiwa Ileje, mzee akamuuguza, na mgeni alipoondoka akamwachia baiskeli yake. Ilikuwa na fremu nyembamba, nyepesi, na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Kutu ilikuwa imeitafuna. Mzee alipofariki, Watson, mdogo wake Tupokigwe, alitaka iuzwe kama chuma chakavu.

"Niachie mimi," Tupokigwe akamwambia.

"Dada, itakuua hiyo."

Ilimtoa jasho kweli. Ekseli ya pedali, kila alipodhani anaifungua, kumbe anaikaza. Wafaransa waliitengeneza kinyume na alivyozoea. Tairi zake hazikuwepo Mlowo, mpaka shemeji yake Clever alipozisaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, akazipata. Waya wa breki ya mbele nao ulikosekana, akachonga kwa tupa kichwa cha waya wa pikipiki mpaka kikakaa. Hakikumridhisha, lakini kilishika.

Ilipokamilika aliiendesha hadi Ileje kumwonyesha mama yake. Kesho yake, akirudi, alikuwa anateremka mlima mrefu aliposikia honi nyuma. Haikunyamaza. Aligeuza shingo akaona lori la makaa ya mawe, dereva analibamiza ubavuni mwa ukingo wa mlima ili lipungue mwendo, na halipungui.

Wazo la kwanza lilikuwa kujitupa mtaroni. Lakini alikuwa amepita hapo jana. Alijua kwamba chini, baada ya kona, kuna gulio, na leo ndiyo siku yake, wanawake hutandaza nyanya na maharage hadi juu ya lami.

Akaachia breki.

Akabadili gia, akainama mpaka kidevu kikakaribia usukani, akakanyaga. Upepo ulimtoa machozi. Fremu ilianza kutetemeka mikononi, na nyuma honi ikazidi kusogea. Alipokata kona alikuwa anapiga kengele kama kichaa.

"Tokeni barabarani! Lori halina breki! Tokeni!"

Waliokuwa karibu wakamshangaa, mwanamke mtu mzima juu ya baiskeli ya ajabu. Kisha wakaisikia honi. Mmoja akapiga yowe, gulio zima likavunjika, watoto wakinyakuliwa, kuku wakiruka huku na huku. Tupokigwe akapita katikati ya matenga yaliyoachwa, akaminya breki ya mbele, na waya ukakatika. Ya nyuma peke yake haikutosha. Akaona shamba la mahindi kushoto, akaelekeza humo, gurudumu likakwama, akarushwa mbele juu ya usukani.

Alikuwa chini, mdomo umejaa udongo, lori lilipopita. Alisikia mbao zikipasuka, kisha kishindo, kisha kimya. Kimya kile kilimtisha kuliko honi. Aliogopa kunyanyua kichwa.

"Kuna mtu?" akauliza. "Kuna mtu chini yake?"

"Hakuna," sauti ya mwanamke ikamjibu. "Hakuna, mama. Nyanya tu."

Dereva, kijana aliyeitwa Jastin, walimtoa mbavu zimevunjika. Kabla hajapakiwa kwenye gari la kwenda hospitali aliomba apelekwe kwanza kwa Tupokigwe, aliyekuwa amekaa mtaroni akishikilia mkono uliovunjika.

"Mama, ulipopotea kwenye kona nilijua nimeshakuua," akasema.

"Nenda ukatibiwe, mwanangu."

Watson ndiye aliyemfuata kwa pikipiki. Hakusema neno la chuma chakavu. Alifunga baiskeli nyuma kwa kamba za mpira, gurudumu la mbele likiwa limekunjika kama chapati, na njia nzima akaendesha polepole mno, mpaka dada yake akamgombeza kwamba giza litawakuta njiani.

Mkono uliunga, ila kiganja hakigeuki vizuri. Rimu ya mbele Tupokigwe aliinyoosha mwenyewe, kwa mkono mmoja na nusu. Waya wa breki safari hii hakuuchonga. Alisubiri hadi ukapatikana unaofaa, na alipoufunga aliujaribu kwenye kilima cha Mlowo mara nyingi, akiteremka na kupanda, kabla hajathubutu kuielekeza baiskeli Ileje.