Amina Niliyoizuia

Mwaka ule tulipomzika binti yetu mdogo, mume wangu aliacha kuzungumza na mimi. Kwa majirani zetu wa Temeke alikuwa mchangamfu, kwenye mikutano ya balozi wa nyumba kumi alichangia hoja, na wenzake wa bandarini walimpenda. Mimi niliambulia "ndiyo", "hapana" na "chakula kiko wapi?"

Isipokuwa wakati wa sala. Kila jioni tulipomaliza kula alitukusanya chumbani, mimi na binti yetu mkubwa, akasali kwa sauti kama baba yake alivyofanya kule Masasi. Hapo maneno yalimtoka.

"Ee Baba, mfundishe mama wa nyumba hii kuwaangalia watoto uliompa. Mwondolee uzembe."

Kisha alingoja niitikie amina. Niliitikia. Nitabishanaje na mtu anayezungumza na Mungu?

Kuta za nyumba ile ya kupanga hazikufika juu. Mama wa chumba cha pili, Mzaramo aliyeswali swala zake tano, aliniuliza tukiwa bombani, "Shoga, hivi mumeo anasema na Mungu au anasema na wewe?"

Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka, ila swali lile halikunitoka.

Jioni moja akasali, "Msamehe mama huyu aliyechelewa." Amina ilikataa kutoka. Akangoja. Binti yetu akafumbua macho, akanitazama.

"Mbona huitikii?" mume wangu akauliza.

Nilimtuma mtoto kwa jirani kwanza. "Mungu amekusikia, baba watoto. Sasa niambie mimi. Nilichelewa wapi?"

Alisogea mlangoni, nikadhani atatoka nje. Kisha akasema, macho sakafuni, "Mtoto anachemka kwa surua tangu asubuhi, wewe umekaa naye ndani. Mimi narudi kutoka kazini nakuta maiti."

"Sikukaa naye ndani. Alfajiri nilimpeleka zahanati. Wakasema dawa zimekwisha, nirudi nyumbani nimpe maji. Mchana nikambeba tena. Akakata roho tukiwa kwenye foleni. Mama wa chumba cha pili alikuwepo, muulize."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliingia, ukamwangalia mtoto, ukauliza sanda iko wapi."

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini hakulia. Nilitaka kumshika bega, mkono ukagoma. Miezi yote ile aliniita mzembe mbele za Mungu, na mimi nikaitikia. Aliponiomba msamaha nilimwambia tu kwamba nimesikia. Jumapili padri alisoma habari za waume kuwapenda wake zao kama miili yao wenyewe. Tulikaa benchi moja, kila mmoja akiangalia mbele.

Baada ya hapo alianza kuniuliza kabla ya sala, "Umeshindaje leo?" Nilimjibu "salama" na kuendelea kukusanya vyombo. Hakuchoka kuuliza. Masika yote yalipita hivyo.

Kisha jioni moja, sijui kwa nini jioni ile, niliweka vyombo chini nikamsimulia siku yote ya zahanati: jinsi mtoto alivyokuwa akipumua, jinsi watu wa foleni walivyotupisha tulipokuwa tumeshachelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mtoto alimwita yeye, baba yake.

Nikamwambia ndiyo, alimwita. Sijui kama nilifanya vyema kumwambia. Lakini alikuwa ameuliza.