Beji ya Murugi

Murugi alikuwa na mikono ya kutuliza. Ng'ombe aliyemkataa kila mtu, kwake alisimama akakamuliwa. Kuku wakitawanyika shambani kwa jirani, aliwaita kwa sauti ya chini, ku-ku-ku, nao wakarudi mbio. Nyumba yao ilikuwa Kiganjo, si mbali na chuo cha polisi, na mumewe Kingori alizoea kumtania.

"Wewe ungeandikwa hapo chuoni. Wakora wangejileta wenyewe."

Mikono hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alikuwa anafagia katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Nyeri. Siku moja kwenye chumba cha picha za eksirei mtoto alikuwa akirusha mateke, na kila picha ya kifua ikitoka ukungu. Murugi aliweka ufagio chini, akamshika mtoto, akamwita kama anavyoita kuku. Mtoto akanyamaza ili asikie vizuri. Picha ikatoka. Tangu siku hiyo mtoto akilia tu, sauti inasikika mpaka kwenye ngazi: "Mama Ben! Kuja ushike huyu!"

Kingori alimuuliza kama kazi hiyo haina hatari.

"Hatari gani? Ni picha tu," Murugi akasema. "Halafu tumepewa beji."

Akamwonyesha. Kitu kidogo cha plastiki, bapa, cha kubana kwenye nguo hapa kifuani.

"Inafanya nini?"

"Ni ya kinga ya mionzi. Meneja ndiye alisema."

Kingori hakwenda shule, lakini neno kinga alilijua. Mtoto anadungwa chanjo apate kinga. Ng'ombe anaogeshwa dawa ya kupe, hiyo ni kinga. Mwenye kinga amekingwa, basi. Kila asubuhi, makurutu wa polisi wakipita barabarani wakikimbia na kuimba, alimwambia mkewe mlangoni:

"Umebeba kinga yako?"

"Niko nayo, mzee. Na wewe, uko na meno yako?"

Kulikuwa pia na aproni ya kuvaa wakati wa kushika watoto, moja tu, imetiwa risasi ndani. Kingori aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Aproni ya risasi? Kwani huko mnapigana na nani?"

"Si risasi ya bunduki wewe. Ni ile madini nzito. Mabega yangu ndiyo yanajua."

Aproni ilikuwa imezeeka. Ilikuwa imekunjwakunjwa miaka mingi mpaka ikapasuka ndani. Taa nyekundu ya juu ya mlango ilikuwa imekufa. Mlango wenyewe ulikuwa umelegea, ukiufunga unaacha mwanya. Murugi hakuwa mtu wa kelele, lakini hayo aliyasema. Alimwendea meneja, Bwana Dedan, akarudi kwake tena, na tena. Jibu lilikuwa moja.

"Mama Ben, beji yako inaenda Nairobi kukaguliwa. Inarudi safi. Safi kuliko ya mtu yeyote hapa. Sasa shida yako ni gani?"

Murugi alirudi nyumbani akiwa hajui akasirike au afurahi. "Ati yangu ndiyo safi kuliko zote," alimwambia Kingori. "Si naitunza?"

Kuna jambo moja alilomwambia mumewe peke yake. Akina mama wengi walileta mtoto mgonjwa huku mwingine yuko tumboni. Mwenye mimba haruhusiwi kuingia, kwa hivyo Murugi aliwaketisha nje kwenye benchi. Lakini benchi lilikuwa pale pale kwenye mlango usiofunga. Basi alitoa beji yake, akaibana kwenye sweta ya yule mama, kisha akaingia yeye na mtoto. Wakimaliza, anaichukua.

"Yule ako na wawili wa kulinda," alisema. "Mimi niko na nani? Ben ameshaoa."

Kingori alichukua birika. Alimwongezea chai. Moyoni alijua ameoa mtu mwema.

Halafu Murugi akaanza kuchoka. Akikamua anapumzika katikati. Akigonga mkono kidogo, unapata alama nyeusi isiyoondoka. Daktari alisema ni ugonjwa wa damu. Kingori aliuliza umetoka wapi. Daktari akasema huo huwezi kujua ulikotoka. Murugi alilazwa hospitalini, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Mvua ya masika ilimkuta ameshazikwa, pale upande wa chini wa boma la ng'ombe. Kingori alibaki na kikombe kimoja cha kuosha.

Aliyeshika kazi ya Murugi aliitwa Watiri, mwanamke kijana ambaye Murugi mwenyewe alimfundisha. Watiri hakungoja kujibiwa na Bwana Dedan. Alipiga ripoti Nairobi kwa watu wa serikali wanaosimamia mambo ya mionzi: aproni, taa, mlango. Walipotuma mkaguzi, alimpigia Kingori simu.

"Guka, babu yangu, nisaidie. Kuja useme vile Mama Ben alikuwa analalamika. Nikisimama peke yangu wataniita mfitini. Wakisema chumba ni kizuri, mimi nitaendelea kushika watoto humo na hiyo aproni mbovu."

Kingori alivaa koti la mazishi, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo safi, akaenda.

Alimkuta mtu kwenye lile benchi, mama kijana mwenye tumbo kubwa. Akaketi kando yake. Mara kutoka nyuma ya mlango akasikia: ku-ku-ku.

Kingori alishika ukingo wa benchi. Kwa kitambo alisahau yote, akafikiri ni yeye. Sauti ikarudia, na safari hii alisikia kuwa ni nyembamba kidogo, ni ya Watiri. Aligeuza uso ili yule mama asimwone. Alipomgeukia tena, ndipo alipoiona beji kwenye sweta yake.

"Hiyo umepewa na nani, mama?"

"Sista wa ndani. Ameniambia inalinda mtoto."

Kingori alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Kumbe Murugi aliacha mtu.

Akaitwa ofisini. Bwana Dedan alikuwa nyuma ya meza, na pembeni mkaguzi, mwanamke wa pwani aliyejifunga ushungi, jina lake Mwanasiti.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema mkaguzi.

Salamu hiyo huku haitumiki sana. Kingori alihangaika kidogo kabla ya kukumbuka jibu. "Eeh. Marahaba, mama."

"Pole kwa msiba. Keti. Nimesikia mkeo alilalamika."

"Alilalamika. Aproni imepasuka. Mlango haufungi."

Bwana Dedan aliingilia kwa upole. "Sisi sote tulimpenda Mama Ben. Lakini, madam, beji yake mmeiona wenyewe. Miaka yote safi. Kama chumba kingekuwa kibaya, yeye aliyeshika watoto kila siku ndiye angeonekana wa kwanza."

Mwanasiti alitikisa kichwa polepole. "Hilo ndilo linalonitatiza, mzee wangu. Aproni mbovu nimeiona. Lakini beji yake inasema hakupatwa na chochote."

"Beji inasema?" Kingori aliuliza.

"Ndiyo. Kazi yake ni hiyo. Inapima mionzi iliyompata aliyeivaa."

"Mimi najua ni kinga."

"La, mzee wangu. Beji haimkingi mtu. Inapima tu, kisha sisi tunasoma."

Kingori alitazama mlangoni. Mbele ya macho yake walipita akina mama wa lile benchi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na beji kifuani, na Murugi akiingia ndani bila kitu. Mkewe hakuwa amewagawia kinga. Aliwagawia ushahidi wake mwenyewe.

Alijua pia akisema, Bwana Dedan atasema nini. Murugi alivunja sheria. Murugi hakuelewa. Jina la Murugi lilikuwa safi kwenye vitabu vyao, safi kuliko la mtu yeyote. Angeweza kuliacha hivyo, arudi nyumbani na koti lake.

Kupitia ukutani ilisikika tena, kwa mbali: ku-ku-ku.

Kingori akasimama. "Mama, njoo uone."

Alimpeleka mkaguzi mpaka kwenye benchi, akaonyesha kidole kwenye sweta ya yule mama mjamzito.

"Mwenye hiyo beji yuko ndani," alisema. "Na Murugi wangu alikuwa anafanya hivyo hivyo."

Mwanasiti aliitazama beji, akautazama mlango, akaanza kuupiga kwa kiganja. "Simamisheni! Zima mashine! Tokeni nje!"

Watiri alitoka na mtoto begani, aproni ikimning'inia.

"Beji yako mbona iko huku?" mkaguzi aliuliza.

"Si ni kinga? Huyu ako na mimba." Watiri alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Mama Ben ndiye alinifunza. Kwani nimekosea wapi?"

"Mnaona?" alisema Bwana Dedan, aliyekuwa amewafuata. "Ni wao wenyewe. Sheria iko wazi, beji haiazimwi."

"Nani aliwaeleza kazi ya beji?" Mwanasiti alimuuliza.

"Niliwaambia ni ya kinga ya mionzi. Ndivyo inavyoitwa."

"Na baada ya hapo?"

Bwana Dedan aliugeukia ule mlango, akajaribu kuufunga.

Chumba kilifungwa siku hiyo hiyo, kufuli likatiwa muhuri, mpaka mlango na aproni na taa viwe sawa na wafanyakazi wafundishwe upya. Watiri aliambiwa aende akapimwe damu. Alikaa kwenye benchi akilia.

"Guka, mimi nilidhani nafanya vizuri."

"Najua," Kingori alisema. "Hata yeye."

Mwanasiti alimsindikiza mzee hadi getini. Hapo Kingori akasimama.

"Na ile ya Murugi? Mnaweza kufuta hilo neno safi kwenye vitabu?"

"Nitaandika kwamba beji haikuwa kifuani pake. Hilo naweza." Mkaguzi aliinamisha kichwa. "Lakini yeye mwenyewe alipatwa na kiasi gani, mzee wangu, hatutajua tena. Hakuna kitu kilichopima."

Kingori alimshukuru, akashika njia.

Alipofika Kiganjo jua lilikuwa likizama nyuma ya mikaratusi. Kuku walikuwa shambani kwa jirani. Alisimama uani na koti lake la mazishi, akaita, ku-ku-ku. Sauti yake ilikuwa nzito. Kuku mmoja aliinua kichwa, kisha akaendelea kuparura.

Aliita tena. Halafu akachukua fimbo, akaenda kuwafukuza warudi.