Siku Kengele Iliponyamaza

"Hivi dada, wewe na ufagio wako, siku za dunia zinakuhusu nini?"

Jirani yake, fundi cherehani, alimuuliza hivyo alipomkuta akizungushia tarehe duara kwenye kalenda. Mama Kengele alicheka tu, akasema dunia nayo ina vumbi lake.

Jina hilo alipewa na watoto. Miaka ishirini na miwili amefagia shule ya msingi na kugonga kengele, kipande cha rimu ya gari kinachoning'inia nje ya stoo. Siku ya kimataifa ikikaribia, yeye ndiye anayewakumbusha walimu. Siku ya Maji alifunga mabomba, kila mtoto akapewa kikombe kimoja cha kunawia mpaka mchana. Walinung'unika wee! Kisha akawaambia wako wenzao, mbali huko, ambao kwao kila siku ndiyo hiyo. Siku iliyofuata hakukuta bomba hata moja linalovuja.

Mwaka huu akaja mwalimu mkuu mpya, kijana wa rika la kitinda mimba wake, mpole lakini mtu wa mitihani. Akasema siku hizo zinakula vipindi, basi zifutwe. Mama Kengele hakubishana. Aliomba moja tu, Siku ya Lugha za Ishara, akaahidi haitakula hata dakika ya somo. Mkuu akakubali, ila akasema hiyo ndiyo ya mwisho. Mama akarudi stoo, akasali kimya, ufagio mkononi.

Siku yenyewe hakugonga kengele. Saa ya gwaride ilipofika alipita mlango hadi mlango akipunga kitambaa cha njano, na walimu, aliokwisha kuwanong'oneza, wakanyamaza. Darasa la nne kuna binti asiyesikia. Kila siku huinuka wa mwisho, mpaka aone wenzake wanasukuma madawati. Siku hiyo aliinuka wa kwanza, akawapungia wenzake watoke, shingo juu kama kiranja.

Mkuu alikuwa ofisini, mlango kaufunga, anasubiri kengele. Alipochungulia dirishani, shule nzima imeshajipanga mistari, inamngoja yeye. Akatoka mbio, tai begani. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akamwambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo mwalimu, umechelewa." Hata walimu walishindwa kujizuia.

Mchana akamwita Mama Kengele ofisini. Mama alikwenda akijua yamekwisha. Mkuu akamvutia kiti. Akasema asubuhi ile alijiona mjinga, watu wote wanajua jambo yeye hajui, na akamfikiria yule binti. Siku za kwenye kalenda zitabaki, zote. Kisha akamuuliza kama ana lingine analotaka.

Mama Kengele akakunja kitambaa chake magotini.

"Mwalimu, naomba kitambaa kipungwe kila siku pamoja na kengele. Yule binti huja shule mwaka mzima, si siku moja."